Istilahi za Mafundi: Kuandika Upya Chipu za Kumbukumbu Bila Kuzibandua

UTANGULIZI

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Namba 27 ya mwaka 1967, na katika miaka ya 1970 likaanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu ili watumishi wa serikali, walimu na wafasiri wapate maneno ya kuendeshea kazi zao. Utaratibu unaofaa katika kazi hiyo unajulikana: dhana huchunguzwa kwanza, kisha neno hutafutwa. Pale utaratibu huu unapogeuzwa, neno likatangulia na dhana ikaachwa nyuma, matokeo yake ni kwamba watu wawili hutamka neno lile lile huku kila mmoja akikusudia jambo lake.

Makala haya yanakusudia kulichunguza neno moja la aina hiyo, nalo ni kuflashi. Neno hili linatumiwa nchini kote na mafundi wa simu, kompyuta na vyombo vingine vya elektroniki. Hatuna nia ya kulikataza, maana lugha haiendeshwi kwa amri. Nia yetu ni kuonyesha kwamba ndani yake mna kazi kadhaa zinazotofautiana, kwamba baadhi ya kazi hizo ni halali na nyingine ni kosa la jinai, na kwamba mfasiri, mwalimu au mtumishi wa umma asiyezitenganisha anaweza kumletea mwananchi hasara.

Mifano yetu tumeielekeza kwenye wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Wilaya hizi mbili zilikuwa moja hadi mwaka 2012, Kyerwa ilipotengwa na Karagwe. Zimechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, ziko pembezoni mwa nchi, zikipakana na Rwanda, na Kyerwa ikipakana na Uganda pia. Chombo kilichoharibika Kaisho au Murongo hakipelekwi kwa urahisi Bukoba, seuze Mwanza au Dar es Salaam. Pili, ardhi ya Kyerwa ina madini ya bati, ambayo yamechimbwa tangu enzi ya ukoloni, na bati ndilo kiungo kikuu cha lehemu, kitu kinachoishikilia chipu kwenye bodi. Tatu, mkoa huu umekwisha kuipa lugha ya taifa istilahi moja ambayo kila mwalimu wa sarufi anaitumia. Neno ngeli limetoka katika Kihaya, kama vile bunge lilivyotoka katika Kiha, na ikulu katika lugha za Wanyamwezi na Wasukuma. Kwa hiyo si jambo geni kuitazama Kagera tunapotafuta maneno.

CHIPU YA KUMBUKUMBU NI KITU GANI

Kila chombo cha kisasa cha elektroniki, kiwe simu, king'amuzi, ruta au kompyuta, kina programu ya kwanza kabisa inayokiamsha kinapowashwa. Programu hiyo lazima ikae mahali ambapo haitapotea umeme ukikatika. Mahali hapo ni chipu ya kumbukumbu, ambayo aghalabu ni kipande cheusi chenye miguu ya chuma pembeni, kilicholehemiwa juu ya bodi.

Historia ya chipu hizi ina msaada kwa mtu wa istilahi, kwa kuwa kila hatua ya ufundi ilileta kitendo chake. Mwaka 1971 Dov Frohman wa kampuni ya Intel alitoa aina ya kumbukumbu iliyoweza kufutwa kwa mwanga. Chipu hiyo ilikuwa na kidirisha juu yake; fundi aliichomoa katika soketi yake, akaiweka chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno kwa dakika kadhaa, kisha akaiandika upya katika mashine maalumu na kuirudisha mahali pake. Baadaye zikaja chipu zinazofutwa kwa umeme badala ya mwanga. Mwaka 1984 Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba ya Japani aliutangazia ulimwengu wa wahandisi aina mpya ambayo eneo zima la data lingeweza kufutwa kwa mkupuo mmoja. Mwenzake mmoja aliona kwamba kufutika kule kwa ghafula kunafanana na mmweko wa taa ya kamera ya picha, na kutokana na mfano huo aina hiyo ikaitwa flashi.

Tangu hapo jina limetembea na kubadilika. Katika maduka yetu flashi ni kile kijiti cha kuhifadhia mafaili kinachochomekwa kwenye kompyuta. Kwa mpiga picha, flashi ni taa ya kamera. Nchini Kenya kumflashi mtu ni kumpigia simu na kuikata kabla hajapokea, kitendo ambacho Watanzania hukiita kubipu. Na kwa fundi wa simu wa Kayanga, Omurushaka au Nkwenda, kama ilivyo kwa fundi mwenzake popote nchini, kuflashi ni kuiandika upya programu ya simu. Neno lenye maana nne katika soko la Afrika Mashariki haliwezi kubeba peke yake mzigo wa istilahi.

KUCHOMOA NA KUBANDUA

Chipu za zamani zilikaa katika soketi. Kitendo cha kuiweka kilikuwa kuchomeka, na cha kuitoa kilikuwa kuchomoa. Kiswahili kina hazina kubwa ya jozi za namna hii, ambamo kiambishi cha kutendua hugeuza maana ya kitenzi: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, bandika na bandua. Hazina hii si ya Kiswahili peke yake. Msemaji wa Kinyambo, lugha ya wenyeji wa Karagwe na Kyerwa, anajua kwamba okukinga ni kufunga mlango na okukingura ni kuufungua. Profesa Josephat Rugemalira, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1993 ilihusu viambishi vya vitenzi vya Kinyambo, ni miongoni mwa wataalamu walioiweka lugha hii katika maandishi ya kitaaluma. Mwalimu wa Karagwe anayefundisha kauli ya kutendua ana mfano karibu naye, katika lugha ya nyumbani ya wanafunzi wake.

Chipu za siku hizi hazichomekwi. Zinakaa juu ya uso wa bodi, na miguu yake imeshikwa na lehemu. Hapa mfasiri anakutana na tatizo. Kitenzi kulehemu kina asili ya Kiarabu, na vitenzi vya asili hiyo kwa kawaida havipokei kiambishi cha kutendua. Hatusemi lehemua, kama vile hatusemi samehua wala fahamua. Wafasiri wengine hukimbilia maelezo marefu, kama vile kuondoa lehemu iliyoshikilia chipu. Maelezo hayo ni sahihi lakini hayafai kurudiwa mara ishirini katika kitabu kimoja cha mafunzo.

Tunapendekeza jozi ya bandika na bandua. Kitu kinachobandikwa hukaa juu ya uso wa kitu kingine kikishikwa na gundi au kiunganishi, na kitu kinachobanduliwa hutenguliwa kutoka kwenye uso huo. Hivyo ndivyo ilivyo kwa chipu hizi. Kwa njia hii tunapata mgawanyo ulio wazi: chipu ya soketi huchomekwa na kuchomolewa, chipu ya juu ya bodi hubandikwa na kubanduliwa, na lehemu inabaki kuwa jina la kitu kinachoshika.

Yafaa pia kukumbusha kwamba kulehemu si kuchomelea. Anayechomelea geti la chuma huyeyusha vyuma vyenyewe vikaungana. Anayelehemu huyeyusha kiunganishi tu, na vile vinavyounganishwa hubaki kama vilivyokuwa. Lehemu ya kale ya mafundi wa elektroniki ni mchanganyiko wa bati sehemu 63 na risasi sehemu 37 katika kila 100, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Kutokana na hiyo risasi, mafundi wengi huiita lehemu yenyewe risasi. Lakini tangu Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulipoanza kuzuia risasi katika vyombo vipya vya elektroniki, viwanda vingi vimehamia lehemu isiyo na risasi, ambayo karibu yote ni bati na huyeyuka kwenye joto la nyuzi 217 hivi. Hivyo jina la risasi sasa linampotosha mwanafunzi, kwa kuwa anaambiwa kitu ni risasi ilhali hakina risasi hata chembe. Jina la lehemu halina kasoro hiyo.

KWA NINI FUNDI HAPENDI KUBANDUA

Ili kubandua chipu, fundi huhitaji kipuliza hewa ya moto chenye kutumia umeme wa mamia ya wati. Joto hilo halichagui. Huipiga chipu inayokusudiwa pamoja na vijipande vya jirani, na likizidi au likirudiwa mara kwa mara, vijia vyembamba vya shaba vilivyo chini ya miguu hunyanyuka na kukatika. Bodi iliyokatika vijia ni vigumu kuifufua. Aidha, kwa miaka mingi mkoa wa Kagera ulitegemea umeme ulionunuliwa Uganda, na katika vijiji vingi umeme ulichelewa kufika. Fundi wa mahali kama hapo ana kila sababu ya kutafuta njia isiyohitaji moto.

Njia hiyo ipo, nayo ni ya namna tatu. Namna ya kwanza hutumia waya wa kawaida wa chombo: simu huunganishwa na kompyuta kwa waya wa kuchajia, na prosesa ya simu yenyewe ndiyo inayoiandika kumbukumbu yake. Namna ya pili hutumia vituo vya majaribio vilivyoachwa na kiwanda juu ya bodi. Mwaka 1990 jumuiya ya kimataifa ya wahandisi ijulikanayo kama IEEE ilitoa kiwango namba 1149.1 kwa ajili ya kupima bodi kupitia vituo vya aina hiyo, na mafundi wakaona kwamba mlango uliowekwa kwa ajili ya kupimia unaweza kutumika pia kuandikia. Namna ya tatu hutumia kibanio, yaani koleo dogo lenye meno ya chuma linaloing'ata miguu ya chipu pale pale ilipo. Kibanio huunganishwa na kiandikizi, nacho huunganishwa na kompyuta. Kazi yote hutumia umeme mdogo utokao kwenye kompyuta ndogo yenye betri.

Hebu tuifuate namna hii ya tatu, kwa kuwa ndiyo inayodhihirisha dhana zote tunazozihitaji. Chipu ya kawaida ya ruta au ya kuwashia kompyuta ina miguu minane: mmoja wa umeme, mmoja wa ethi, miwili ya kupitishia data ikiingia na ikitoka, mmoja wa mapigo ya saa, mmoja wa kuichagua chipu, mmoja wa kuzuia kuandikwa, na mmoja wa kuisimamisha kwa muda. Kazi huendeshwa kwa hatua zifuatazo.

Hatua ya kwanza ni kuzima. Chombo hutolewa betri na waya wa umeme. Kisha fundi huhakikisha kwamba kiandikizi kinatoa volti inayoifaa chipu. Chipu nyingi hutaka volti 3.3, nyingine hutaka 1.8 tu, ilhali baadhi ya viandikizi vya bei nafuu hupeleka volti 5 katika mistari ya data na vinaweza kuidhuru chipu.

Hatua ya pili ni kutambua. Kiandikizi huiuliza chipu jina lake, nayo hujibu kwa namba inayotaja kiwanda na ukubwa wake. Majibu yakibadilika kila inapoulizwa, kuna tatizo. Mara nyingi tatizo ni kwamba umeme wa kibanio umevuka chipu na kuiamsha prosesa kuu ya bodi, nayo imeanza kuisoma chipu ile ile wakati ule ule. Mistari ya data inapata mabwana wawili. Fundi huizuia prosesa isiamke, kwa kuishikilia katika hali ya kuanza upya. Ikishindikana kabisa, hapo ndipo kubandua kunapokuwa lazima.

Hatua ya tatu ni kusoma na kunakili. Data yote ya chipu husomwa na kuwekwa katika faili. Fundi makini husoma mara mbili na kuzilinganisha nakala. Zikitofautiana, hata kwa baiti moja, haendelei mpaka kibanio kimekaa sawasawa. Nakala hii ndiyo akiba yake pekee.

Hatua ya nne ni kufuta. Neno hili linahitaji uangalifu. Katika kumbukumbu flashi, kufuta ni kuzirudisha biti zote za eneo fulani kuwa 1. Ni matayarisho ya kuandika, kwa maana kuandika huweza kugeuza 1 kuwa 0 tu, wala hakuwezi kufanya kinyume chake. Aidha, haiwezekani kufuta baiti moja peke yake. Katika chipu nyingi za aina hii eneo dogo kabisa linalofutika ni kilobaiti 4, hivyo chipu ya megabaiti 16 ina maeneo 4,096 ya namna hiyo. Fundi anaweza kufuta eneo moja, au maeneo kadhaa, au chipu nzima.

Hatua ya tano ni kuandika, na ya sita ni kuhakiki, yaani kuisoma chipu tena na kuilinganisha na faili iliyoandikwa. Asiyehakiki hawezi kujua kama kazi imefanyika.

HATARI YA KULITUMIA NENO MOJA

Msomaji sasa ataona kwamba anayesema ameflashi chombo hajasema kama alinakili kwanza, kama alifuta sehemu au chipu nzima, wala kama alihakiki. Kwa mazungumzo ya kibandani hilo halina ubaya. Kwa kitabu cha mafunzo, kwa mkataba wa matengenezo, na hasa kwa sheria, lina ubaya mkubwa. Tutatoa mfano mmoja.

Kila simu ina namba ya utambulisho yenye tarakimu 15. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inafanya kuwa kosa kuibadilisha namba hiyo, na makusudi yake ni kuzuia biashara ya simu za wizi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia simu zenye namba bandia zisitumike tena katika mitandao ya nchi. Tangu hapo, simu isiyo na namba halali haina kazi ya kupigia. Kwa mkulima wa kahawa au maharage wa Karagwe ambaye fedha zake zinapitia katika simu, hilo si jambo dogo.

Sasa basi, katika simu nyingi namba hiyo pamoja na vipimo vya redio ya simu vimehifadhiwa katika eneo mojawapo la kumbukumbu ile ile inayobeba programu. Fundi anayeandika upya maeneo ya programu tu haigusi. Fundi anayefuta chipu nzima anaiondoa pamoja na mengine yote. Kama alinakili kwanza, ataweza kurudisha data ile ile ya simu ile ile. Kama hakunakili, mteja ataondoka na simu inayowaka vizuri lakini haipati mtandao, na fundi atashawishika kuandika namba yoyote atakayoipata. Hapo amevuka mpaka, akatoka katika matengenezo na kuingia katika kosa.

Kwa hiyo neno kuflashi linafunika watu watatu: fundi aliyetengeneza kwa uangalifu, fundi aliyepoteza data kwa kutokujua, na mhalifu aliyebadilisha namba kwa makusudi ili kuuza mali ya wizi. Askari anayeandika maelezo, hakimu anayesikiliza shauri na afisa biashara anayetoa leseni, wote watahitaji kuwatenganisha hawa watatu. Jambo hili lina uzito zaidi tangu mwaka 2021, Sheria ya Tafsiri ya Sheria iliporekebishwa na Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Zamani mtu aliweza kusema kwamba maana kamili imo katika maandishi ya Kiingereza. Leo maandishi ya Kiswahili ndiyo yanayotazamiwa kubeba maana hiyo.

Wafasiri nao wana sehemu yao. Lugha ambazo vitabu vya ufundi huandikwa zina maneno manne au matano tofauti kwa kuondoa faili, kusafisha eneo la data, kupanga upya mpangilio wa kumbukumbu, kurudisha chombo katika hali ya kiwandani, na kufuta kwa umeme kunakotangulia kuandika. Si mara chache yote haya yakatafsiriwa futa. Mwanafunzi anayefuata maelekezo hayo neno kwa neno anaweza kuifuta chipu nzima alipoambiwa tu aondoe faili moja, na akose njia ya kurudi nyuma.

MISINGI YA KUCHAGUA MANENO

Utaratibu uliozoeleka katika kazi ya istilahi nchini ni kuanza na Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Katika mapendekezo yetu tumeufuata utaratibu huo, tukaongeza mambo mawili.

La kwanza ni kuheshimu neno ambalo mafundi wanalo tayari, maadamu halipotoshi. Mafundi husema miguu ya chipu, nasi hatuoni haja ya kutafuta jingine. Husema bodi na chipu, nayo yamekwisha kuzoeleka. Historia inatufundisha kwamba neno jipya hushinda likifika wakati watu wanalihitaji. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, watu walihitaji jina la kile kisanduku kipya, na king'amuzi, kutokana na kung'amua, likapokewa. Tarakilishi limepata shida zaidi, kwa sababu kompyuta lilikuwa limekwisha kuota mizizi. Mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, kwa jina la Jambo OpenOffice, ulionyesha kwamba maneno kama faili, hifadhi na futa yanaweza kukaa katika kompyuta bila kumshangaza mtumiaji. Sisi tunaendeleza kazi hiyo kutoka kwenye skrini hadi kwenye bodi.

La pili ni kuepuka neno linaloeleweka vingine. Kwa dhana ya kuandika chipu bila kuibandua, wengine watapenda kusema kuandika papo hapo. Lakini papo hapo kwa msomaji wa kawaida humaanisha mara moja, bila kukawia, ilhali kazi hii inaweza kuchukua dakika nyingi. Tunapendelea mahali pake, kwa kuwa linataja nafasi wala si muda. Bila kubandua nalo ni sahihi, na linafaa katika maelezo. Ila istilahi ni bora iseme jambo linalofanyika kuliko jambo lisilofanyika.

MAPENDEKEZO

Istilahi tunazozipendekeza ni hizi:

Kumbukumbu flashi: kumbukumbu ya elektroniki isiyopotea umeme ukikatika, ambayo hufutwa kwa maeneo na kuandikwa upya.

Bandika, bandua: kuiweka chipu juu ya bodi kwa lehemu, kuitoa kwa kuyeyusha lehemu hiyo.

Chomeka, chomoa: kuiweka chipu katika soketi, kuitoa humo bila moto.

Kuandika upya mahali pake: kubadilisha data ya chipu ikiwa bado imebandikwa kwenye bodi.

Kibanio: koleo dogo lenye meno ya chuma la kuigusia miguu ya chipu.

Kiandikizi: chombo kinachounganisha kompyuta na chipu kwa ajili ya kusoma, kufuta na kuandika. Limeundwa kutokana na andika, kwa mfano wa king'amuzi.

Nakala ya akiba: faili yenye data yote ya chipu, iliyosomwa kabla ya kufuta chochote.

Futa eneo, futa chipu nzima: kurudisha biti za eneo moja, au za chipu yote, kuwa 1. Futa lisitumiwe peke yake katika maelekezo ya kazi hii.

Ondoa faili: kuliondoa faili katika orodha ya mafaili, bila kufuta eneo lake kwa lazima.

Rudisha hali ya kiwandani: kuondoa data ya mtumiaji na kubakiza programu ya kiwanda.

Hakiki: kuisoma chipu baada ya kuandika na kuilinganisha na faili.

Badilisha namba ya utambulisho: kuandika namba isiyo ya simu hiyo. Kitendo hiki kisiitwe kuflashi katika hati yoyote ya serikali.

Kuflashi liachwe kuwa neno la mazungumzo, lenye maana ya jumla ya kuandika upya programu ya chombo. Likitokea katika maelezo ya shahidi, mwandishi alinukuu kama lilivyotamkwa, kisha aulize ni kipi hasa kilichofanyika.

HITIMISHO

Istilahi hizi hazitaleta faida zikibaki katika kurasa hizi. Walimu wa vyuo vya ufundi wanaombwa kuzijaribu darasani na kuona ni ipi inayokataa kukaa mdomoni mwa mwanafunzi. Wafasiri wanaombwa kuzipima katika maandishi marefu, kwa maana neno linaloonekana zuri likiwa peke yake huweza kukwama ndani ya sentensi. Watumishi wa umma, hususan wa mahakama, polisi na biashara, wanaombwa kutazama kama tofauti tulizozieleza zinatosha kwa mashauri yanayowafikia.

Bati la Kyerwa linapokwenda ng'ambo na kurudi likiwa lehemu ndani ya simu, linarudi pamoja na maarifa na majina ya watu wengine. Maarifa hayo tunayapokea kwa moyo mweupe. Majina hatuna budi kuyachagua wenyewe, ili fundi wa Nkwenda, mwalimu wake na hakimu wa Kayanga wakitamka neno moja wawe wamekusudia jambo moja.